Shavu la Manjano

Tangu serikali ilipoanza kupeleka polisi katika kisiwa cha Lewis, haijapata kutokea siku nzito kama ile Jumanne ya mwezi wa Agosti, ambapo watu sita wa mashua moja walinusurika kuuawa kwa pigo moja, na mhalifu asiache uso wala jina. Hayo ndiyo maneno yaliyopigwa kwa simu kutoka posta ya kijiji cha Hamarsta. Kwa uzito wa maneno hayo Inspekta Ivor Nicolson alibeba pingu, poda ya alama za vidole, kioo cha kukuzia na machela ya maiti.

Vielelezo vilikuwa vimelazwa katika banda la mashua, juu ya makreti ya samaki, vimefunikwa tanga kwa heshima zote. Inspekta alivua kofia. Alishika pembe ya tanga, akavuta pumzi, akafunua.

Zilikuwa soksi.

Jozi sita za soksi ndefu za sufu, za kuvalia buti za baharini, zimenyooshwa miguu pamoja.

"Hizi ni soksi," alisema Inspekta, maana mafunzo ya upelelezi yanamtaka mpelelezi aanze na lile lililo wazi.

"Zilikuwa soksi," alijibu mzee Murdo MacAskill, nahodha na mlalamikaji. "Sasa ni sanda."

Murdo alikuwa mtu mpana, mwenye ndevu nyeupe na sauti iliyozoea kushindana na upepo. Alisimama wima katikati ya banda kama vile yuko kwenye sitaha.

"Mzee, nimekuja na machela."

"Vizuri. Utarudi nayo. Kabla hujaniuliza chochote, nikuulize mimi. Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Angus wa Nicol, upande wa magharibi."

"Na mama?"

"Peigi. Mfumaji."

"Basi huna kisingizio. Nusa."

Murdo alipapasa soksi moja, akaipeleka puani kwake mwenyewe kwanza, kisha akamsogezea. Inspekta alinusa. Ilikuwa harufu ya udongo, moshi na mvua. Ilikuwa katika kila kabati la kisiwa kile, na ilikuwa pia katika koti alilovaa yeye.

"Krotali," alisema.

"Krotali," alisema Murdo.

Ndivyo wanawake wa pwani ile wanavyoiita kuvumwani, lile gamba kavu linalobanduka kwenye miamba, ambalo si jani wala si uyoga, na ambalo huchukua nusu ya umri wa mtu kufikia upana wa sahani. Wanawake hulikwangua kwa kijiko, hulichemsha na sufu, na sufu hutoka na rangi ya chai iliyokolea. Hakuna aliyewahi kulisema vibaya nchi kavu. Lakini hakuna mvuvi wa Hamarsta aliyekwenda nalo baharini akiwa na akili timamu.

"Krotali haisahau mwamba," alisema Murdo. "Ukianguka majini umeivaa, haikuachi uelee. Inakwenda kutafuta kwao, na wewe ndani yake. Mtu aliyetia kitu hiki kwenye soksi zetu anatutaka chini."

"Sheria haitambui imani hizo, mzee."

"Ndiyo maana sheria inasafiri kwa gari la posta."

Inspekta alikohoa. "Naweza kuandika uharibifu wa mali."

"Andika unavyopenda, ila nipatie mtu. Samaki wetu heringi wanaingia juma hili. Vijana wangu wamekataa kupanda mpaka ajulikane ni nani. Tukiwakosa heringi, kijiji kitakula viazi vitupu mpaka masika."

Vijana aliowataja walikuwa wanne, na wote walikuwa na wajukuu. Wa tano alikuwa Torkil, msaidizi wa nahodha, aliyekuwa ameketi pembeni juu ya ndoo iliyopinduliwa, akishona wavu ambao haukuwa na tundu. Alikuwa mrefu kama mlingoti na mkimya kama mlingoti huohuo. Murdo alipotoka kwenda kuwatuliza vijana, Inspekta alimgeukia.

"Soksi zililetwa hapa lini?"

"Jumamosi. Wake zetu walizileta."

"Zikakutwa hivi lini?"

"Jana, baada ya Jumapili."

"Nani ana ufunguo wa banda?"

"Banda halina kufuli. Kijiji hakina kufuli."

"Nani anawachukia?"

Torkil alifikiri. "Heringi."

"Unadhani nani amefanya hivi?"

"Andika hajulikani. Ni neno fupi, halitakuchosha."

"Na asipojulikana, mashua haitoki."

"Haitoki."

"Na heringi watapita."

"Watapita," alisema Torkil, na Inspekta akaona kwamba alilisema kama mtu anayetaja siku ya sikukuu.

Pembeni kulikuwa na sufuria kubwa ya kuchemshia nyavu kwenye maji ya gome, ili zisioze. Inspekta alipitisha kidole ndani. Chini ya weusi wa gome palikuwa na machicha ya magamba. Basi soksi zilipikwa papo hapo, eneo la tukio. Aliyafunga machicha kwenye karatasi, akatia soksi moja mfukoni, akaenda kumtafuta mtuhumiwa.

Kama kitabu cha mafunzo ya polisi kingekuwa na picha ya mtuhumiwa wa kesi ile, angechorwa Kirsti, mke wa Murdo. Alikutwa kando ya kijito, mikono ya nguo imekunjwa, mbele yake moto wa mboji iliyokaushwa na juu ya moto sufuria ya krotali inayotokota. Mikono yake ilikuwa ya kahawia mpaka kwenye vifundo.

"Mikono yako ina rangi, mama."

"Toka nikiwa mtoto. Nikamate."

"Wewe ni mke wa nahodha?"

"Mpaka sasa."

"Unapenda aende baharini?"

"Uliza mke yeyote wa hapa. Swali jingine."

"Nani anapika krotali hapa kijijini?"

"Kila mwenye sketi. Lakini mimi napika vizuri zaidi. Wewe ni mtoto wa Peigi, nimekwishaambiwa. Na koti lako hilo ni kazi yake, mshono naujua. Kaa, utakunywa chai."

Inspekta hakukaa. Alitoa soksi mfukoni na kuiweka mbele yake kwa ghafla, kama walivyofundishwa, ili aone uso wake utasema nini.

Uso wa Kirsti ulisema mengi.

"Unadhani hii nimeifanya mimi," alisema polepole.

"Ni krotali."

"Hii?" Aliinua soksi kwa vidole viwili. "Hii ni rangi ya kikohozi. Tazama mabaka. Tazama, haikuoshwa hata. Mwanangu, niite muuaji, nitakuvumilia, na chai utapewa. Lakini usiende mjini ukasema kwamba Kirsti wa Hamarsta ametoa kitu hiki sufuriani mwake."

Inspekta aliichukua soksi akaipeleka kwenye mwanga. Aliweka kioo jichoni. Kati ya nyuzi kulikuwa na chembe za magamba, na chembe zile zilikuwa za manjano.

Basi utoto wake ukamrudia. Siku moja, akiwa mdogo, mama yake alimtuma na kijiko akakwangue krotali. Yeye akaona lile la kijivu la kwenye miamba ya juu ni baya, kama ukurutu wa mzee. Akateremka ufukweni, akajaza kikapu kwa lile la manjano linalong'aa, linaloota pale mawimbi yanaporuka na ndege wanapochafua. Mama yake alitupa kikapu motoni, kisha akamtupa yeye nje. Krotali ya kahawia hutoka kwenye gamba la kijivu. Hakuna mwanamke kisiwani ambaye angekosea hilo. Na karibu kila mwanamume angekosea.

"Ni mwanamume," alisema.

"Mwanamume ndiyo," alisema Kirsti. "Mwanamke angejinyonga kwanza."

Murdo alikuja wakati huo kutoka kwa vijana wake, akipiga hatua kubwa kama kawaida. Kirsti, bila kugeuza kichwa, aliisogeza ndoo ya maji kwa mguu, ikatoka njiani. Kisha akamimina chai, na badala ya kuiweka juu ya jiwe, akamtia mumewe kikombe mkononi na kumfunga vidole juu yake. Inspekta alidhani ni mapenzi. Hakukosea, ila hakufika mwisho.

"Mzee, hapa karibu gamba la manjano linaota wapi?"

"Shavu la Manjano," alisema Murdo, na uso wake ukalainika. "Mwamba ulio mlangoni pa ghuba. Uso wake mmoja ni bapa kama mlango wa kanisa, na wote ni manjano. Ndiyo alama yetu. Kila mtu wa hapa amerudi nyumbani kwa kulitazama Shavu."

"Nipelekeni."

"Nitakupeleka mimi mwenyewe. Torkil atashika tanga."

Walichukua mashua ndogo. Inspekta, ambaye asubuhi ileile alikuwa ametamka kwamba sheria haitambui imani za wavuvi, alitia mguu mmoja ndani, akautoa, akasema kwamba kuna joto, akavua koti lake la krotali na kuliacha juu ya jiwe. Mvua ilikuwa inanyesha. Murdo na Torkil walitazama upande mwingine kwa adabu.

Chomboni Torkil aligeuka mtu mwingine. Yule mkimya wa bandani aliketi omo, mbele kabisa, na mdomo wake haukusimama.

"Wimbi hili la kulia halina adabu," alisema.

"Funga mdomo, Torkil," alisema Murdo kutoka kwenye usukani, na usukani ukasogea kidogo.

"Na yule mwamba Mjinga naye, ametoa kichwa kushoto, ndevu zake za mwani zimekuwa ndefu kuliko zako."

"Umekuwa kama bibi wa sokoni. Inspekta, unamsikia? Toka baridi iliyopita yuko hivi. Zamani tulikwenda na kurudi bila neno."

"Sasa tumenyooka, naona bomba la moshi la kanisa mbele ya pua yangu, na pua yangu ina baridi."

"Pua yako ni ndefu, ndiyo maana inafika mapema."

Inspekta alikuwa amelaza kichwa ukingoni, akifanya mambo ambayo hayaandikwi kwenye ripoti. Hakupeleleza chochote mpaka aliposikia sauti ya Murdo ikiwa na furaha.

"Haya, kijana. Inua kichwa. Shavu hilo. Manjano kama kiini cha yai."

Inspekta aliinua kichwa.

Mwamba ulikuwa mbele yao. Chini, pale maji yanapolamba, ulikuwa na mkanda mweusi kama lami. Juu ya mkanda ule, uso wote bapa, mpaka pale mkono wa mtu mrefu aliyesimama chomboni unapoishia, ulikuwa wa kijivu, mtupu, umekwanguliwa kama sahani. Manjano ilikuwa imebaki kwenye nyufa tu.

Torkil alinyamaza. Tanga lilipigapiga.

"Umeliona?" aliuliza Murdo.

"Nimeliona, mzee," alisema Inspekta.

"Hakuna jambo zuri zaidi ya hilo. Nimeingia hapa kwenye ukungu, kwenye theluji, na harusi yangu ilipokuwa inaningoja ufukweni. Ukiliona Shavu, umefika."

"Ndiyo, mzee."

"Sogea kulia kidogo," alisema Torkil, kwa sauti ndogo.

Waliposogea, Inspekta aliona mikwaruzo. Haikuwa ya kijiko. Ilikuwa mipana na mirefu, ya kisu cha samaki, na katikati ya kila mkwaruzo palibaki uzi mwembamba wa manjano, kama vile kisu kiliruka mahali palepale kila mara.

Kirsti alikuwa amewafungia mikate ya shayiri na jibini. Inspekta hakuwa na tumbo la kula, lakini aliomba kisu. Torkil alikaa kidogo kabla ya kukitoa. Kisha akakitoa, akampa kwa upande wa mpini, na akamtazama usoni. Kisu kilikuwa na pengo. Inspekta alikata kipande cha jibini. Katikati ya kipande palitokea tuta jembamba, limenyooka kama mstari.

Alikitazama kielelezo kile kwa muda. Halafu alikila chote.

Walipofika nchi kavu Murdo alikwenda kumwambia Kirsti aongeze viazi. Inspekta alimfuata Torkil bandani na kufunga mlango.

"Kisu chako kina pengo."

"Toka mwaka juzi."

"Na Shavu lina mistari."

"Nimeiona."

"Murdo hakuiona."

Torkil aliketi juu ya ndoo yake. "Hapana," alisema. "Murdo hakuiona."

"Ulijua lini?"

"Baridi iliyopita. Tulikuwa tunarudi, bahari mbaya, vijana wamekamata makasia, wameipa omo mgongo. Mimi peke yangu nilikuwa natazama mbele, mimi na yeye. Nikamwona Mjinga mbele yetu, povu limemjaa. Nikangoja Murdo ageuze. Hakugeuza. Mtu aliyekuwa anaona samaki chini ya maji, Inspekta. Nikapiga kelele kwamba kuna nyangumi upande wa kushoto. Akageuza chombo akamtazame nyangumi. Ndivyo tulivyookoka."

"Na toka siku hiyo unaongea."

"Toka siku hiyo naongea. Vijana wanadhani kichwa changu kinaharibika. Wacha wadhani."

"Mkewe anajua?"

"Anajua. Mimi najua kwamba anajua. Hatujawahi kuambiana."

"Ungemwambia mwenyewe, mzee Torkil."

"Ningemwambia nini? Tulianza pamoja shule, yeye akanifundisha kuogelea, mimi nikamfanyia hesabu zake. Anaposhika usukani ule anakuwa na umri wa miaka ishirini. Nimfuate niseme, Murdo, shuka? Nilijaribu. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake. Akanikaribisha viazi. Nikala viazi."

Inspekta alishika soksi moja, akaigeuzageuza. "Na Shavu?"

"Nilitaka nikosee," alisema Torkil. "Nikajiambia labda ni mimi ninayeona vibaya. Nikaenda peke yangu maji yalipokupwa, nikalikwangua lote. Nikasema, kesho akipita ataruka, atatukana, ataapa kumkata masikio aliyefanya. Nami ningefurahi kukatwa masikio. Tukapita. Akasema, manjano kama kiini cha yai. Kesho yake tukapita tena, akasema hivyohivyo."

Aliokota wavu wake, akauweka chini tena.

"Nilikuwa na gunia zima la yale magamba. Na heringi wanakuja, na usiku wa heringi hauna mzaha. Nikaziona soksi zimetundikwa. Kwangu mimi kila kinachobanduka mwambani ni krotali. Nikasema, vijana hawatapanda, heringi watapita, baridi itaingia, na hakuna atakayejua kwa nini. Kama ungemkamata Kirsti ningekuja mwenyewe."

"Litaota tena, Shavu?"

"Mtoto wa mfumaji unaniuliza mimi? Litaota. Sisi hatutaliona."

Inspekta alijua kifungu cha sheria. Alijua pia faini yake na mahakama yake. Alikuwa bado anatafuta mahali pa kuviweka vitu hivyo mlango ulipofunguliwa, Murdo akaingia akijishika kwenye mwimo.

"Haya, Inspekta. Nani?"

Inspekta Ivor Nicolson alisimama wima. "Upelelezi umeonyesha, mzee, kwamba ni ndege."

"Ndege."

"Ndege wa baharini. Hubeba chembe za kuvumwani miguuni. Wameingia bandani, na unyevu..."

"Wakajaza sufuria maji," alisema Murdo. "Wakawasha moto."

"Unyevu," alijaribu Inspekta, kisha akaacha.

Murdo alipapasa kreti akaketi kando ya soksi. "Tulipofika Shavuni Torkil alinyamaza. Hanyamazi chomboni siku hizi. Na wewe ulisema umeliona kwa sauti ya mtu aliyesimama kaburini. Nimelifikiria hilo njia yote mpaka kwenye viazi. Mama yako ni mfumaji, kwa hiyo rangi unazijua. Niambie. Shavu lina rangi gani leo?"

Inspekta alimtazama Torkil. Torkil alikuwa anatazama sakafu.

"La kijivu, mzee. Tupu kabisa. Limekwanguliwa. Nimekudanganya kule na nimekudanganya hapa."

Nje walisikika kondoo, na mtoto wa mtu akiitwa kula.

"Ni mimi, Murdo," alisema Torkil.

"Najua ni wewe. Kirsti amenieleza ile rangi. Ndege wangefanya vizuri zaidi."

Alinyoosha mkono hewani, ukatafuta, ukapata goti la Torkil, ukabaki hapo.

"Yule nyangumi," alisema.

"Ndiyo."

"Hakukuwa na nyangumi."

"Hakukuwa."

"Torkil, nimemsimulia kila mtu yule nyangumi. Nilisema nimemwona mkia. Nimemwongeza urefu kila Jumamosi."

Torkil alijaribu kucheka, ikatoka sauti ya mtu aliyepaliwa. Murdo alimpigapiga goti, polepole, kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

"Nilijua macho yanakwenda," alisema. "Sikujua yamekwisha kwenda. Nilikuwa naliona Shavu kila siku. Naliona hata sasa hivi." Alifuta ndevu. "Waite vijana. Waambie aliyefanya amepatikana, ni mjinga wetu wenyewe, na hakutaka mtu azame. Kirsti atatoa soksi nyingine. Kesho usukani ni wako. Mimi nitavuta nyavu. Mikono yangu haijaugua. Na ukiongea sana nitakutupa majini."

"Sawa, nahodha."

"Nahodha ni wewe. Nenda."

Torkil alikwenda. Walimsikia akisimama nje ya mlango kwa muda kabla hatua zake hazijaanza.

"Malalamiko nayafuta," alisema Murdo. "Machela yako iko palepale ulipoiacha." Alimgeukia Inspekta, akamkosa kidogo, akamwelekea kwa kufuata sauti ya pumzi yake. "Na wewe, mtoto wa Peigi. Ndege, eti. Toka lini polisi wanadanganya vibaya namna hii?"

"Nimeanza leo, mzee," alisema Inspekta.